Wimbo Ulioanzia kwa Besi

Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe za yubilei ya miaka 25

 

Kamati iliniomba nizungumze dakika kumi na tano kuhusu historia ya kwaya. Historia hiyo mnayo kwenye kurasa za mbele za kijitabu hiki, pamoja na ile picha ya mwaka wa kwanza ambapo waimbaji walikuwa kumi na mmoja na joho zilikuwa nne. Sitairudia. Nimeomba ruhusa nizungumze juu ya rekodi moja ya muziki ambayo imenishika mwaka huu wote. Mkinivumilia mtaona kwamba inagusa jambo ambalo kamati yetu italiamua mwezi ujao, na ambalo wengi wenu mmeshaanza kulizungumza pale nje chini ya mti.

Rekodi yenyewe ni ya Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven. Kwa wale ambao hawajakutana na neno hili, simfoni ni kazi ndefu ya okestra, kwa kawaida yenye sehemu nne, na kwa kawaida vyombo hupigwa mwanzo hadi mwisho bila mtu kuimba. Beethoven aliandika nane za namna hiyo. Katika ya tisa, akiwa na umri wa miaka 53 na masikio yake yamekwisha, akaleta kwaya. Wengi wenu mnaujua wimbo wake mkuu bila kujua kwamba ni wake, kwa sababu mchungaji mmoja wa Kipresbiteri wa Marekani, Henry van Dyke, aliutungia maneno ya Kiingereza ya kumsifu Mungu mwaka 1907, na tangu hapo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi. Maneno ya mwanzo kabisa, yale aliyoyatumia Beethoven, ni ya shairi la Kijerumani la Friedrich Schiller la mwaka 1785, shairi linalosifu furaha na undugu wa watu wote.

Nilianza kuisikiliza Januari, usiku, nikisahihisha madaftari ya Gredi ya Sita, kwa visikizio vyenye upande mmoja uliokufa. Nilidhani itakuwa kitu cha kunisaidia nisisinzie. Sehemu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikawa naendelea na alama zangu. Nilipofika mahali fulani katika sehemu ya nne kalamu ilisimama. Nililia, na sina namna nyingine ya kulisema. Mtoto wangu aliamka akaniuliza kama tumepata habari ya msiba.

Kwa nini mahali hapo? Nimejiuliza sana, kwa sababu hapo hakuna kelele wala kwaya, hata mwimbaji mmoja hajafungua kinywa. Niwaeleze yanayotangulia, ndipo mtaelewa.

Simfoni hii inaanza kama vile wapigaji bado wanatafuta sauti ya vyombo vyao. Ni mtetemo wa chini, hujui kama ni furaha au huzuni, halafu ghafla okestra yote inaanguka juu yako kama mlima. Sehemu ya pili inakimbia, na ngoma zinaingia peke yake zikikatiza mazungumzo ya wengine, jambo ambalo vijana wetu wangelipenda. Ya tatu ni ya polepole na ni nzuri mno. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu ashukuru. Kufikia hapo karibu dakika hamsini zimekwenda. Na kwaya? Kwaya imekaa. Siku nyingine wanakwaya huketi jukwaani tangu mwanzo, joho zimevaliwa, maji hayanyweki, wanasubiri. Sisi tukingoja matangazo ya dakika kumi tunaanza kunong'ona.

Halafu sehemu ya nne inafunguka kwa kelele mbaya ya makusudi, vyombo vikigongana. Baada yake selo na besi kubwa, yaani zile fidla kubwa za sauti za chini zinazokaa sakafuni, zinaanza kuzungumza, kama mzee anayesimama katika baraza kutuliza watu. Okestra inakumbusha kidogo sehemu ya kwanza. Hao wa chini wanakataa. Inakumbusha ya pili; wanakataa. Ya tatu, ile nzuri. Wanaipokea kwa upole, lakini wanaikataa pia. Kisha wengine wanajaribu kipande kidogo cha wimbo mpya, na hapo wa chini wanaitika kwamba ndiyo, ni huo.

Na wanaupiga wenyewe. Selo na besi kubwa tu, polepole, kwa sauti ya chini sana, bila kusindikizwa na chombo chochote. Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama.

Wanakwaya, mnajua jinsi tulivyozoea. Wimbo ni mali ya soprano. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba tuni, nyingine tunaijazia, na besi wanapewa kuimba do na so mpaka wanasinzia. Beethoven hakuanzia kwa fidla ndogo zinazong'aa wala kwa tarumbeta. Aliwapa wale wa chini kabisa wimbo mzima, akawaacha peke yao mpaka waumalize. Kisha wa katikati wakaingia juu yao, kisha fidla za juu, na mwisho kabisa okestra yote na tarumbeta. Tuni yenyewe ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa chekechea anaweza kuishika: karibu yote inatembea kwa noti tano, kutoka do hadi so, hatua kwa hatua, ila mahali pamoja inaposhuka hadi so ya chini. Ukiiandika kwa solfa inatosha nusu ukurasa. Mtu aliyejua kuandika mambo magumu kuliko wote wa zama zake alimaliza dakika hamsini akafika kwenye kitu chepesi namna hiyo, akakitoa kwa sauti zisizosikilizwa.

Baada ya hapo ile kelele inarudi, na safari hii mwanamume mmoja anasimama na kuimba. Maneno yake ya kwanza si ya Schiller, ni ya Beethoven mwenyewe: anawaambia rafiki zake kwamba tuache sauti hizi, tuanze nyingine zenye furaha zaidi. Wanaume wa kwaya wanamwitikia kwa neno moja. Kutoka hapo mambo yanapanda hadi mwisho, na kuna mahali sopranos wanashikilia noti ya juu kwa muda mrefu kiasi kwamba huwa nawaonea huruma.

Sasa, zipo rekodi nyingi za simfoni hii. Ninayoisikiliza mimi ilirekodiwa Berlin, Ujerumani, siku ya Krismasi mwaka 1989. Walio na umri wangu tulikuwa wadogo mno au hatujazaliwa, lakini wazee wanakumbuka habari za redioni. Ukuta ulioligawa jiji la Berlin tangu Agosti 1961 ulikuwa umefunguliwa usiku wa Novemba 9, na watu wa pande mbili walikuwa wanakumbatiana barabarani. Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra kutoka Marekani, mwenye miaka 71, alikusanya wapigaji kutoka Ujerumani zote mbili, pamoja na wengine wa New York, London, Paris na Leningrad, yaani kutoka mataifa manne yaliyoishika Berlin baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kulikuwa na kwaya kutoka Bavaria, waimbaji kutoka Berlin ya Mashariki, na kwaya ya watoto kutoka Dresden. Walipiga upande wa mashariki, mahali ambapo wiki chache kabla wengi wao wasingeweza kufika hivi hivi.

Bernstein akafanya jambo. Kila palipoandikwa neno la Kijerumani la furaha aliwaimbisha neno la uhuru. Mimi ni mwalimu wa lugha, na kwa kawaida sipendi mtu kubadilisha shairi la marehemu. Nikikuta mwanafunzi amefanya hivyo ningepiga mstari mwekundu. Lakini Bernstein alisema ana hakika Beethoven angewabariki, nami nikisikia wale wanaume wakilitamka neno hilo siwezi kubishana. Sisi Wakenya neno uhuru tunalijua linavyojaa kinywani. Bernstein alifariki Oktoba iliyofuata. Husikii uchovu wa mzee katika rekodi ile, ila anakwenda taratibu kuliko wengine. Kazi nzima inachukua zaidi ya saa moja na robo.

Baadaye nilitaka kujua siku ya kwanza ilikuwaje, na hapa ndipo nilipokuwa nikiwapeleka.

Ilikuwa Mei 7, 1824, katika ukumbi wa michezo wa Kärntnertor jijini Vienna. Mazoezi ya pamoja yalikuwa mawili tu. Mwalimu wetu wa kwaya, nimekuona ukishtuka. Waimbaji wa pekee walikuwa wasichana wadogo: soprano, Henriette Sontag, alikuwa na miaka 18, na alto, Caroline Unger, 20. Walilalamika kwamba noti ziko juu mno, wakamwomba mzee azishushe, akakataa. Inasimuliwa kwamba baadhi ya sopranos wa kwaya waliziruka tu zile walizoshindwa kuzifikia. Sitataja kwaya nyingine ninayoijua yenye tabia hiyo.

Beethoven alikuwa hasikii. Kusikia kwake kulikuwa kumeanza kufifia kabla hajafika miaka 30, na kufikia 1818 wageni wake walikuwa wanamwandikia maneno kwenye daftari ili azungumze nao. Basi pale Vienna kulikuwa na swali gumu, na wakubwa wa muziki lazima walilijadili kama sisi tunavyojadili. Mwenye kazi ni yeye. Watu wamekuja kwa ajili yake. Lakini mtu asiyesikia hawezi kuongoza okestra na kwaya. Mwaka 1822 alikuwa amejaribu kuongoza mazoezi ya opera yake, yakavurugika mpaka ikabidi aombwe aondoke. Kumwacha aongoze ni kuharibu kazi yake mwenyewe. Kumwambia abaki nyumbani ni ukatili.

Walifanya hivi. Walimweka jukwaani, mbele, akionyesha mwendo wa kila sehemu. Na karibu naye akasimama Michael Umlauf, kiongozi wa muziki wa ukumbi ule, ambaye aliwaambia wapigaji na waimbaji kimya kimya kwamba macho yao yawe kwake. Mzee akafungua kurasa, akapiga mikono hewani, akainuka na kuinama pamoja na muziki aliokuwa akiusikia ndani yake. Kazi ikaenda salama mikononi mwa Umlauf. Watu walipopiga makofi Beethoven alikuwa amewapa mgongo, hajui. Caroline Unger akamshika akamgeuza, akaona. Wengine husimulia kwamba ilikuwa baada ya sehemu ya pili, wengine kwamba ilikuwa mwisho kabisa. Watu walipunga vitambaa na kofia ili mtu asiyesikia makofi ayaone.

Mnafahamu ninakokwenda. Mzee wetu wa besi, ambaye ni mmoja wa wale kumi na mmoja wa kwenye picha, amenipa ruhusa ya kusema haya, na amesema nisimtaje jina kwa kuwa linachapishwa. Masikio yake yamepungua nguvu kwa miaka miwili sasa. Anaingia nyuma kidogo. Mara nyingine wote tumemaliza na yeye bado ana neno moja mkononi. Baadhi ya wanakwaya wameleta pendekezo kwa kamati kwamba yubilei hii iwe siku ya kumshukuru, apewe zawadi na apumzike. Sitawadharau walioleta pendekezo hilo. Tulipokwenda mashindano mwaka jana, mwamuzi aliandika juu ya besi kuchelewa, na alikuwa na haki. Wapo vijana wanaojitahidi kila Jumamosi, nao wanavunjika moyo. Haya ni ya kweli.

Mwezi wa tano nilimtembelea nyumbani na spika ndogo niliyoazima kwa dada yangu. Nilitaka tu kumwonyesha kile kinachonisumbua. Tukaiweka juu ya meza ya mbao, nikaongeza sauti mpaka mama wa nyumba hiyo akaja kuangalia kama tuko salama. Mzee alisikiliza sehemu ya kwanza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza hotuba ya mgeni. Tulipofika pale selo na besi zinapoanza peke yake sikuwa nimemwambia lolote. Aliweka viganja viwili juu ya meza, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, hao ni sisi." Nilimuuliza anasikiaje. Akaniambia hasikii vizuri, lakini meza inamwambia.

Basi nimefikiri hivi, na nitalisema kwenye kamati kama ninavyolisema hapa. Mzee akae katikati ya besi, si mwishoni mwa mstari alipozoea, bega kwa bega na vijana wawili wenye mwendo mzuri, ili ahisi wanapovuta pumzi. Mmoja wao awe Umlauf wake: ampe kiwiko kidogo mahali pa kuingia na mahali pa kunyamaza. Zile nyimbo za haraka zenye kupokezana, ambazo hata sisi wenye masikio zinatushinda, aketi. Zile za taratibu aimbe. Tumejaribu hivyo Jumamosi nne bila kutangaza. Jumamosi ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili alichelewa mara mbili. Ya nne mwalimu wa kwaya hakunyanyua kichwa hata mara moja kuangalia upande ule, na mnamjua alivyo mkali. Kwenye mashindano, ambako alama zinahesabiwa, yeye mwenyewe amesema atabaki kwenye basi kutulinda mabegi, nami naona hilo ni lake kuamua.

Kuna wanaosema muziki wa Beethoven si wetu, na kwamba katibu ameanza kujifanya Mzungu. Nawaomba wakatafute filamu inayoitwa Kinshasa Symphony, ya mwaka 2010. Inawahusu wenzetu wa Kongo, okestra na kwaya ya kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Walianza na vyombo vichache wakipokezana, wengi wakijifundisha wenyewe, na uzi wa fidla ukikatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Katika filamu hiyo wanapiga Simfoni hii ya Tisa, mafundi, wauzaji sokoni, akina mama, wanajifunza kutamka Kijerumani silabi kwa silabi, na katikati ya muziki umeme unakatika. Hawasimami. Hapo hakuna mtu aliyejifanya Mzungu. Ni watu wa kanisa wanaoimba kitu kigumu pamoja, kama tunavyofanya hapa.

Kamati inakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada. Mwanakwaya yeyote mwenye neno aje alitoe pale, mbele ya Mzee, kwa sababu yeye pia amealikwa.

Lililobaki ni la ratiba ya leo. Angalieni nambari 7, baada ya chakula cha mchana. Mwalimu wetu wa kwaya ameipanga ile tuni kwa sauti nne na kuitungia maneno ya Kiswahili. Itaanza kwa besi peke yao, bila kinanda, kwa kuguna tu bila maneno, na Mzee atakuwa wa tatu katika wale watano. Watakuwa chini sana. Fundi wa mitambo, tafadhali usiwaongezee sauti, hata kama utadhani maikrofoni zimezimika. Akina mama wa jikoni wameniahidi kwamba hawatagusa sufuria hadi wasikie soprano wameingia.